Mama Bukama Ni Nani?

Kamina, tarehe 10 mwezi wa nane, 1954

Mama Élisa mpendwa,

Jambo sana kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, tena upesi, na unisamehe mwandiko, kwa maana naandika juu ya gunia la mahindi ndani ya magazini ya gare, yaani ghala la kituo cha reli, ninamofanya kazi ya ukarani, kwa sababu nyumbani siwezi tena kushika kalamu bila mke wangu kuuliza namwandikia nani, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nimeoa kanisani, mke wangu anaitwa Ève na Mungu ametupa mtoto mmoja wa kike, Mwadi, wa miaka miwili na miezi minne, na lazima nikueleze kwanza huyo mtoto ni wa namna gani, maana bila hivyo utanihukumu vibaya. Mwadi hatembei, anakimbia, na akikimbia haangalii aendako bali anaangalia nyuma kama tunamfuata, ameshatia kiatu changu cha kanisani ndani ya chungu cha mboga ya sombe, ameshawafuata bata wa jirani mpaka avenue ya tatu, na neno analolijua kuliko yote ni hapana, ukimuuliza anataka bukari, ugali wetu, anasema hapana, ukimuuliza hataki anasema hapana, huku mkono wake tayari uko kwenye sahani. Kichwa chake hakioshwi na mtu yeyote isipokuwa mimi, na mimi pia siwezi ila nikilia kama mbuzi, mee, mee, hapo anacheka na kusahau sabuni, na jambo hilo linajulikana na watu watatu tu duniani, yaani mimi, mke wangu na yeye mwenyewe, kwa maana mimi ni karani na ninavaa karavati shingoni.

Sasa mwezi uliopita mke wangu alisema mgongo unamuuma kwa kumkimbilia Mwadi kutwa nzima, nami nikamjibu, na ninayaandika maneno yangu kama yalivyotoka ili usinionee huruma ya bure, nikasema, "Kulea mutoto ni kazi gani? Ni kumuangalia tu." Ève hakukasirika, alinitazama kidogo akasema, "Muzuri. Jumamosi minyi naenda kujifunza kushona kwa masista. Weye utamuangalia."

Jumamosi ikafika, siku ya posho, akaenda. Nikaona nimchukue Mwadi kwenye gare aone masini ya moshi, ni mtoto wa karani wa reli naye haijaona kwa karibu, nikamkalisha, na gauni lake la bluu, juu ya gunia karibu na akina mama wa samaki waliokuwa wakirudi Bukama na vitunga vyao vitupu, vikapu vikubwa vya kubebea samaki, na hapo akaja Marc, mwenzangu wa magazini, akaanza kusema timu ya askari wa Base ilishinda timu yetu ya reli kwa haki, jambo ambalo mtu mwenye macho hawezi kulikubali, nikamweleza, akanijibu, nikachora uwanja kwa kijiti ardhini ili aone mpira ulipotoka, filimbi ikalia, gari la moshi likaondoka, nikainua kichwa, gunia lilikuwapo na Mwadi hakuwapo.

Mama Élisa, mimi sijawahi kuzama majini lakini nadhani ni vile. Nilitazama chini ya mabehewa yaliyobaki, nikatazama nyuma ya pompi ya maji, nikaita mpaka sauti ikakatika, na mama mmoja muuza karanga akaniambia kwa upole, kama mtu anayeeleza bei, "Ule mutoto wa robe ya bluu? Minyi nilimuona anaingia mu kitunga ya samaki. Nilizani iko wa mwenye kitunga." Na kitunga kilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa moshi tu kwa mbali.

Banza, mwenye bendera, alikimbia kwenye simu ya reli akaita kituo kidogo cha kwanza, kilomita kumi na nne kutoka hapa, tukangoja, nami nikawa naahidi mambo kwa Mungu ambayo mengine sitaweza kuyatimiza, mpaka simu ikalia na Banza akasikiliza, akanigeukia akasema, "Kuna mama mumoja ameshuka na mutoto. Anasema haondoke pale mpaka mwenye mutoto afike." Sikungoja neno jingine, nilichukua baisikeli ya Banza, sikumbuki kama nilimwomba, nikaenda kwa njia ya mchanga iliyo kando ya reli.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe la kituo, mama mnene wa makamo, vitunga vyake vimepangwa kando, na gari lake limekwishaondoka bila yeye. Mwadi alikuwa kwenye mapaja yake anakula samaki wa moshi kwa mikono miwili. Nilitaka kumnyakua lakini yule mama alinizuia kwa mkono.

"Weye njo nani?"

"Minyi baba yake."

"Baba gani anaachaka mutoto mu kitunga?" Akamwinamia Mwadi. "Mutoto, huyu njo baba yako?"

Mwadi alinitazama vizuri, karavati imegeukia mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatafuna, akameza, akasema, "Hapana."

"Umesikia," yule mama akasema, akamkumbatia zaidi.

Nikamtajia jina la mtoto, akasema jina hata mwizi anaweza kulisikia. Nikamtajia avenue yetu na namba ya nyumba, akasema yeye ni wa Bukama, namba ya nyumba ya Kamina itamwambia nini. Watu wa kituo walikuwa wameanza kukusanyika, na mwanaume mmoja mwenye panga alikuwa ananitazama kwa namna ambayo sikuipenda, na hapo, Mama Élisa, nilipiga magoti mbele ya watu wote wale, na karavati yangu, nikalia mee. Nikalia mara tatu. Mara ya tatu Mwadi alitupa samaki akanirukia shingoni akisema "Baba mbuzi! Baba mbuzi!", na yule mama, jina lake Biuma, akacheka mpaka akashika mbavu. Aliona sitaweza kumshika mtoto na baisikeli pamoja, akafungua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga Mwadi mgongoni kwangu kwa nguvu, akasema, "Kwenda, baba ya mbuzi. Na uangalie." Nikamshukuru sana, nikaondoka.

Nilimwosha Mwadi kwenye pompi ya gare, kitambaa nikakificha ndani ya mfuko wangu wa kazi, na tulipofika nyumbani Ève alikuwa amekwisharudi na kipande chake cha nguo alichoshona, akauliza, "Ilikuwa namna gani?" nami nikasema, "Muzuri. Niliambia weye, ni kumuangalia tu." Ninajua, Mama Élisa. Usiniambie, ninajua.

Tulipokaa kula, Mwadi akasukuma sahani akasema, "Mama Bukama."

"Nani?" Ève akauliza.

"Mama Bukama. Samaki. Mwadi analala kwa Mama Bukama." Akaonyesha kifua chake. "Hapa."

Nikasema mtoto anasema tu, amesikia watu wa gare. Kesho yake asubuhi, Ève akimvalisha nguo ya misa, akasema tena, "Baba anaenda kwa Mama Bukama. Baba anafanya mee." Hapo nilimwona mke wangu amesimama na kifungo mkononi, hakifungi. Akaniuliza bila kugeuka, "Weye unafanya mee kwa nani?" Na siku ya tatu akatafuta penseli kwenye mfuko wangu wa kazi, akatoa kitambaa cha kichwa cha mwanamke, kinanuka samaki.

"Hii ya nani?"

"Niliokota."

"Uliokota namna hii, imekunjwa muzuri?"

Tangu hapo Ève hapigi kelele, afadhali angepiga. Ananipa chakula, anasema "kula" kama mtu anayesema na mgeni. Kitambaa amekifua, amekipiga pasi, amekiweka ndani ya sanduku lake pamoja na nguo zake na za Mwadi, na amesema Jumamosi ijayo atapanda gari mpaka Bukama amrudishie mwenyewe mkononi, na baada ya hapo hatarudi Kamina, atachukua meli ya Lualaba mpaka Kabalo kwa kaka yake.

Marc amenishauri nikubali tu kwamba nina mwanamke, niombe msamaha, anasema bibi husamehe mwanamke lakini mwanaume aliyempoteza mtoto hasamehewi, atasimuliwa mpaka kwenye msiba wake, nami nimeanza kuona ana akili. Nikisema kweli, nitakuwa mwanaume aliyesema ni kumuangalia tu na hakumuangalia, na mama mkwe atajua, na Kabalo yote itajua. Nikinyamaza, nyumba yangu itaondoka na gari la Jumamosi. Nionyeshe njia ya tatu, tafadhali, kama ipo.

Mimi,
Baba Mwadi

MAMA ÉLISA ANAJIBU

Baba Mwadi,

Haipo.

Barua yako ilinifikia siku ya Jumatano, na gazeti hutoka baada ya wiki. Kama ningengoja zamu yako, ningekuwa namshauri mwanaume anayeishi peke yake na kiatu chenye harufu ya sombe. Kwa hiyo siku ileile nilikupelekea karatasi ndogo kwa gari la kwenda Kamina, na sasa nawaambia wasomaji nilichoandika: "Mwambie leo. Uanze na mtoto, usianze na kitambaa. Usiseme neno 'lakini'. Na huyo Marc umwachie mipira."

Kweli, ninyi wanaume mnanishangaza. Uko tayari kuungama dhambi ambayo hukuitenda ili usiungame uzembe ulioutenda! Ungemwacha mke wako alie juu ya mwanamke asiyekuwapo, na ungemharibia jina mama wa watu aliyekuokolea mwanao, yote hayo kwa sababu ulisema maneno machache ya kujivuna. Ukasema Marc ana akili. Baba, Marc ndiye aliyekuwa anaonyeshwa uwanja wa kijiti wakati mwanao anapanda gari.

Lakini wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingeendesha baisikeli kilomita kumi na nne kwenye mchanga, na wala asingepiga magoti. Nilicheka niliposoma, sikatai, nilicheka mpaka mume wangu akaja kuuliza. Halafu nikasoma tena pale uliposema gunia lilikuwapo na Mwadi hakuwapo, na sikucheka. Sisi wazazi wote tunalijua gunia hilo. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa pili alinipotea sokoni nikiwa nachagua vitunguu, akapatikana amelala chini ya meza ya muuza chumvi, na mpaka leo sipendi kuinama juu ya vitunguu.

Barua yako ya pili imefika, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji yaliyotokea, maana najua hawatalala wasipojua.

Ulimkuta Ève nje anachambua majani ya muhogo, Mwadi kando yake anayarudisha yaliyokwisha kuchambuliwa. Ukasema yote, kuanzia kwenye mpira mpaka kwenye mee, na unasema mkono wake ulisimama ndani ya majani. Ulipomaliza hakukuuliza jina la Mama Bukama. Aliuliza jambo moja:

"Alilia?"

Ukajibu, "Sijue. Minyi sikukuwa pale."

Unaniandikia kwamba ulipojisikia ukisema hivyo ndipo ulipojua ulichokifanya, na kwamba ulilia mbele ya mke wako kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Vizuri. Yeye naye akacheka kwa sababu ya mbuzi, kisha akalia, kisha akarudi kwenye majani yake mpaka jua likaegemea, ndipo akasema neno ambalo nimelisoma mara nne: "Minyi nilitaka ikuwe mwanamuke. Mwanamuke ningemupiga. Gari ya moshi nitaipiga namna gani?"

Jumamosi mlipanda gari wote watatu. Mkamkuta Biuma pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ève akampa kitambaa chake, na juu yake kikwembe kipya cha kujifunga, akampigia magoti. Na hapo ndipo mlipojua kwamba gari la abiria lililofuata lilipita siku ya Jumatatu, kwamba Biuma alilala siku mbili kwenye kituo kile akiwa na vitunga vyake, na kwamba alikuwa anawahi ubatizo wa mjukuu wake wa kwanza siku ya Jumapili, akaukosa.

Baba Mwadi, hapa sikutanii. Katika barua yako ndefu uliandika kwamba gari lake liliondoka bila yeye, ukapita kama mtu anayeruka dimbwi. Ulimshukuru sana, ukaondoka. Hukumuuliza atakula nini, atalala wapi, atafikaje kwao. Ulikuwa na hofu, ndiyo, na njia yote ile ulikuwa huna nafasi ya kufikiri. Lakini ulipata siku kumi za kufikiri, na siku zote hizo ulifikiri juu ya karavati yako. Huyo mama hakukujua, hakumjua Mwadi, hakujua kama kuna mtu atakuja. Aliona mtoto ndani ya kitunga chake akashuka naye.

Unasema Biuma hakulalamika. Ève alimuuliza lile swali lake, "Alilia?" na Biuma akamjibu, "Kidogo. Nilimupa kifua akalala. Alipoamuka akaona samaki, akasahau sisi bote." Unasema Ève alimshika mkono na hakuuachilia kwa muda mrefu, na Mwadi alipoulizwa kama anataka kurudi nyumbani alijibu kama kawaida yake. Nafikiri wewe na mimi tunajua alijibu nini.

Sasa nisikilize, maana sikuandiki ili ufurahi tu.

Utaendelea kukaa na Mwadi kila Jumamosi. Usifikiri utaponea kwa kuonekana hufai, wanaume wengi wamekwisha kuijaribu dawa hiyo. Ève anapenda kushona, na akisimamisha masomo yake kwa sababu yako nitakuja Kamina mwenyewe. Ukienda gare, umfunge mgongoni, sasa unajua namna, na kama wenzako watakucheka waambie ni amri ya gazeti. Mfundishe kusema jina lake, jina lako na avenue yenu. Mfundishe kwa wimbo, atashika upesi, na siku atakapoulizwa baba yake ni nani labda atakuhurumia.

Mjukuu wa Biuma atakapotimiza mwaka, mtakwenda Bukama. Hutapeleka salamu kwa mtu, hutatuma kifurushi kwa gari, utakwenda kwa miguu yako mpaka mlangoni, na utakaa siku mbili. Siku mbili, si moja. Unajua hesabu hiyo imetoka wapi.

Na mke wako akisema mgongo unamuuma, usimjibu kitu. Inuka, umchukue mtoto.

Basi, inatosha. Weka gazeti chini, inua kichwa: Mwadi yuko wapi?

Mama Élisa